Uyoga, kuvu na bakteria kama dawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma na Kanda ya Kati

Mvua ya kwanza ikigonga ardhi kavu ya Dodoma, hupanda harufu ile ambayo hakuna mtu wa hapa asiyeijua. Harufu hiyo ni ya kemikali iitwayo jeosmini, na wanaoitengeneza ni bakteria wa udongo, hasa jamii ya Streptomyces. Jamii hiyohiyo ndiyo iliyotoa streptomaisini mwaka 1943, dawa ya kwanza ya antibiotiki iliyofaulu dhidi ya kifua kikuu. Kwa hiyo anayeuliza kama vijidudu vinaweza kuwa dawa anaulizia jambo lililokwisha kuthibitishwa. Ubishi uliobaki ni wa kijidudu gani, kiasi gani, na kwa ugonjwa upi. Majibu yafuatayo yanahusu hayo.

Uyoga, kuvu na bakteria si kitu kimoja?

Hapana. Uyoga ni kuvu: ni sehemu ya juu tu, kama embe kwa mwembe. Mwili wenyewe ni nyuzi nyeupe zilizojificha ndani ya mbao, udongo au mabua. Ukungu wa kwenye mkate ni kuvu, na hamira ya maandazi pia ni kuvu, ila ya chembe mojamoja. Bakteria ni viumbe wengine kabisa, wadogo zaidi na wasio na kiini ndani ya chembe zao. Tofauti hii ina maana dukani: antibiotiki huua bakteria, haigusi fangasi wa miguuni wala virusi vya mafua.

Ni dawa gani za hospitali zilizotokana nao?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani. Pensilini ilitokana na ukungu wa Penicillium ambao Alexander Fleming aliuona London mwaka 1928 ukizuia bakteria kukua kwenye kisahani chake. Howard Florey na Ernst Chain waliugeuza kuwa dawa kamili baada ya 1939, na wote watatu wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Rifampisini, ile dawa ya TB inayobadilisha mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, asili yake ni bakteria wa udongo. Aivamektini, inayogawiwa dhidi ya matende na usubi, ilitokana na Streptomyces aliyepatikana kwenye udongo wa Japani na Satoshi Omura. Yeye na William Campbell walipewa Nobel mwaka 2015. Dawa za kushusha lehemu za kundi la statini zilianzia kwenye kuvu aliyochunguza Akira Endo miaka ya 1970. Saiklosporini, inayozuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa, nayo ni ya kuvu.

Insulini ni habari ya namna yake. Tangu 1982 inauzwa insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria E. coli waliopandikizwa jeni ya binadamu. Kabla ya hapo ilikamuliwa kutoka kongosho za nguruwe na ng'ombe.

Basi nikipaka ukungu wa mkate kwenye kidonda si ni pensilini ileile?

Usifanye hivyo. Kwenye mkate mmoja hukua kuvu za aina nyingi, na kwa macho hutajua ipi ni Penicillium na ipi ni Aspergillus wa sumu. Hata Penicillium wenyewe si wote wanaotoa pensilini. Wanaotoa, kiasi kilichomo ni kidogo na hakipimiki. Utakachofanikiwa kupaka ni spora (vumbi ambalo kuvu huzaliana nalo) na vijidudu vingine juu ya nyama iliyo wazi. Maji safi yanayotiririka na sabuni vinasaidia kidonda kuliko huo mkate.

Unga na kahawa ya uyoga mwekundu inayouzwa kwenye semina na mabasi: inatibu saratani, kisukari na presha?

Uyoga huo mara nyingi ni Ganoderma, ule mgumu kama ubao, unaong'aa kama umepakwa vanishi. Wachina wameutumia kwa karne nyingi, na maabara zimekuta ndani yake beta-glukani (aina ya sukari ndefu inayoamsha chembe za kinga) na kemikali chungu ziitwazo triterpeni. Mpaka hapo muuzaji hasemi uongo.

Anapoteleza ni kwenye hatua inayofuata. Dondoo la uyoga huo (kile kilichokamuliwa kutoka kwake) likimwagwa juu ya chembe za saratani kwenye kisahani, chembe hufa. Lakini hata siki ikimwagwa hufa. Swali ni kama kiasi hichohicho kinafika kwenye uvimbe baada ya kupita tumboni na kwenye ini. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio ya wagonjwa wa saratani hayakuona ushahidi wa kutosha kuifanya Ganoderma tiba ya kwanza. Mapitio mengine ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyohusu watu wenye kisukari cha aina ya pili, hayakuunga mkono matumizi yake kwa kushusha sukari, presha wala lehemu.

Japani ilikwenda mbali zaidi kwa njia inayofaa kuigwa. Dondoo la uyoga Trametes versicolor, liitwalo PSK, liliidhinishwa huko miaka ya 1970, na lentinani ya uyoga wa shiitake ikafuata miaka ya 1980. Zote zilisafishwa na kupimwa kipimo, zikatolewa pamoja na dawa za saratani, si badala yake. Lentinani ilitolewa kwa sindano. Kijiko cha unga kwenye kahawa hakina uhusiano wowote na hilo.

Madhara yapo. Anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda anaweza kutokwa damu zaidi. Anayemeza dawa za sukari au presha anaweza kushuka kupita kiasi. Zimeripotiwa pia kesi za ini kuumia kwa waliotumia unga wake. Atakayefanyiwa upasuaji amwambie daktari mapema, na mgonjwa wa TB au anayetumia ARV asiache hata kidonge kimoja kwa ajili ya kopo la uyoga. Kama unautumia tayari, peleka kopo lenyewe kliniki. Daktari akiuona mfuniko na lebo atakusaidia kuliko ukimwambia "natumia mitishamba".

Uyoga wa kawaida, huu mamama wa sokoni, una faida gani ya kweli?

Ni chakula kizuri: protini kiasi, nyuzi, vitamini za kundi B na madini ya potasiamu, mafuta kidogo sana. Una pia lovastatini ya asili, mojawapo ya zile statini, lakini kiasi hubadilika kwa mbegu, mabua na siku ya kuvuna, kwa hiyo huwezi kuutegemea kushusha lehemu kwa kipimo.

Kuna jambo moja ambalo jua la Dodoma hulifanya bure. Uyoga una ergosteroli, na miale ya jua huigeuza kuwa vitamini D2. Ukate vipande vyembamba, utandaze safu moja kwenye kichanja, mashavu (zile kunjo za chini) yakitazama juu, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Hata saa moja juani huongeza vitamini hiyo mara nyingi. Ukiukausha kabisa, kilo 10 mbichi hubaki kama kilo 1. Umekauka sawasawa ukivunjika kwa mlio kama bisi. Ukipinda bado, rudisha juani, la sivyo utaota kuvu ndani ya mfuko.

Usiule mbichi. Uyoga mamama una protini zinazoharibu chembe za damu, na moto huziondoa. Dakika 10 hadi 15 za kukaanga au kuchemsha zinatosha.

Dodoma ni kukavu. Inawezekana kuulima?

Inawezekana, lakini ukame ndio utakaokushinda kabla ya soko. Anza msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, ujifunze mkono. Kiangazi kije ukiwa umeshajua.

Malighafi tunayo: mabua ya mtama, uwele au mahindi, maganda ya karanga, pumba. Chagua mabua makavu yasiyo na madoa meusi. Yakate vipande vya sentimita 3 hadi 5, yaloweke usiku mzima, yachuje. Kisha yachemshe kwenye pipa: yakizama kwenye maji ya nyuzi joto 70 hadi 80 saa mbili zinatosha, kwa mvuke, hesabu saa nne tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu. Unaua washindani, si kila kiumbe. Yaache yapoe ndani ya pipa lililofunikwa. Ukitia mbegu (nyuzi hai za uyoga zilizooteshwa kwa ajili ya kupanda) kwenye mabua ya moto unazipika.

Kipimo cha unyevu ni mkono. Kamua konzi: yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakitiririka, yamezidi na bakteria wataozesha mfuko, utanuka kama mtaro. Yasipotoka kabisa, nyuzi zitakwama katikati. Changanya chokaa gramu 100 hadi 200 kwa kila kilo 10 za mabua makavu. Kuvu ya kijani haipendi chokaa kama uyoga unavyoistahimili.

Kwa kilo 10 za mabua yaliyolowa tumia gramu 500 za mbegu. Nawa mikono, futa meza kwa spiriti, funga mlango na dirisha, maana upepo wa Dodoma hubeba spora kwa wingi. Jaza mfuko wa nailoni safu ya sentimita 10, zungushia mbegu pembezoni, shindilia kidogo, rudia hadi ujae. Funga, toboa matundu 8 hadi 10, weka gizani kwenye nyuzi joto 24 hadi 28. Baada ya wiki mbili hadi nne mfuko utakuwa mweupe wote.

Hapo ndipo unapohitaji mwanga hafifu, hewa na unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Banda la tofali za udongo na paa la nyasi hushinda la mabati, ambalo mchana huwa tanuri. Mwaga mchanga sakafuni na uloweshe, tundika magunia ya katani yenye maji ukutani, nyunyiza hewani mara tatu kwa siku, na kiangazi hata mara tano. Usimwagie maji vichwa vichanga moja kwa moja. Huwa vya njano na kuoza.

Uyoga wenyewe hukwambia kosa. Shina refu na kofia ndogo: hewa haitoshi, hewa chafu imejaa ndani. Kingo zilizopasuka: banda limekauka. Doa la kijani mfukoni: kuvu iitwayo Trichoderma imeingia, na chanzo ni uchemshaji mfupi au mikono michafu. Toa mfuko huo nje na uufukie mbali, tena usiufungulie bandani. Vuna kabla kingo za kofia hazijageuka juu, kwani baada ya hapo uyoga humwaga spora, na kuvuta spora kila siku huleta kikohozi na mzio wa mapafu. Vaa barakoa. Kila kilo ya mabua makavu hutoa nusu kilo hadi kilo moja ya uyoga mbichi kwa mavuno matatu hivi.

Nitaujuaje uyoga wa porini wenye sumu?

Hakuna kipimo cha jikoni. Kitunguu kisichobadilika rangi, kijiko cha fedha, mbuzi aliyeula akapona, funza waliomo ndani: vyote ni bure. Sumu za uyoga wa jamii ya Amanita haziharibiwi na moto wala kukaushwa, na dalili huchelewa saa 6 au zaidi. Mtu hutapika na kuharisha, siku ya pili anaonekana kupona, kumbe ini linakufa.

Hatari nyingine ya mashambani na viwanjani ni Chlorophyllum molybdites, mwavuli mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, unaofanana na uyoga unaoliwa. Ukikata kofia ukailaza juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, spora zake huacha alama ya kijani. Kipimo hicho hutambua huo mmoja tu, usikigeuze kuwa ruhusa ya kula mwingine.

Uyoga wa kwenye vichuguu, Termitomyces, ni mtamu na mchwa ndio wanaoulima. Una shina linalozama hadi ndani ya kichuguu. Chuma na mzee anayeujua, chimba mpaka mwisho wa shina, na ukiwa na shaka acha. Mtu akiugua, mkimbizeni hospitali pamoja na mabaki ya uyoga, hata maganda ya jalalani.

Togwa na mtindi ni dawa ya kuharisha?

Ni kinga na chakula, na hapa utafiti uko upande wa bibi zetu. Tafiti zilizofanywa Tanzania miaka ya 1990 zilikuta watoto waliolishwa uji uliochachushwa kwa bakteria wa asidi laktiki wakiharisha mara chache zaidi, na waliopewa togwa wakiwa na bakteria wa magonjwa wachache kwenye choo. Sababu ni asidi: ikizidi mpaka pH (kipimo cha asidi) ishuke hadi 4 au chini, bakteria wengi wa kuharisha hushindwa kuongezeka.

Pika uji wa unga gramu 100 kwa maji lita moja. Acha upoe mpaka kidole kivumilie, tia vijiko viwili vya chakula vya unga wa kimea na nusu kikombe cha togwa ya jana iliyo safi. Funika, acha saa 12 hadi 24. Julai usiku ukiwa wa baridi, funga sufuria na blanketi, la sivyo uji utakaa tu bila kuchacha, na hilo ni hatari zaidi kuliko kutouchachusha. Kimea kina vimeng'enya vinavyolainisha uji, hivyo unaweza kuongeza unga na bado mtoto akanywa kwa kikombe. Usiongeze maji mabichi mwishoni.

Angalizo kwa wa mtama: machipukizi yake yana kemikali inayozaa sianidi. Ukishakausha kimea, sugua na upepete mizizi na machipukizi yote kabla ya kusaga. Kimea cha ulezi hakina shida hiyo.

Mtindi: chemsha maziwa kwanza. Maziwa mabichi ya ng'ombe au mbuzi yanaweza kubeba bakteria wa brusela na wa TB ya ng'ombe, na kuganda peke yake hakuviui kwa uhakika, hata kibuyu kikifukizwa vipi. Yakipoa hadi nyuzi joto 43 hivi tia vijiko viwili vya mtindi hai kwa lita, yaache saa 6 hadi 8.

Mtoto anayeharisha sasa hivi anahitaji ORS na zinki kwanza. Aliye chini ya miezi sita hapewi togwa wala mtindi: chakula chake ni maziwa ya mama tu.

Mbona mnasema kuvu ni dawa, na huku sumukuvu imeua watu?

Ni kuvu tofauti. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu uliogusa watu 68, na 20 wakafa. Chanzo kilikuwa mahindi. Aspergillus flavus hushambulia mahindi na karanga zilizopata ukame wakati wa kujaza punje, kisha hupata nguvu zikianikwa chini au kuwekwa ghalani na unyevu. Kupika, kukaanga na kuchachusha hakuondoi sumu yake. Togwa ya mahindi mabovu ni togwa ya sumu.

Anika juu ya turubai au kichanja. Kupima unyevu, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo, kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika moja. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Ondoa punje zilizooza, zilizosinyaa na zilizovunjika, maana sumu nyingi hukaa kwenye punje chache. Wala usimpe kuku au ng'ombe: hupita hadi kwenye maziwa.

Dawa yake shambani nayo ni kuvu. Aflasafe, iliyosajiliwa Tanzania mwaka 2018, ni punje za mtama zilizokaangwa na kupakwa Aspergillus asiyetoa sumu, ambaye hunyang'anya nafasi yule wa sumu. Mwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Ukimwaga kwenye vumbi kavu umelisha ndege.

Bakteria wanaoua mbu ni salama kwenye maji ya mifugo?

Bacillus thuringiensis israelensis na Bacillus sphaericus, ambao kiwanda cha Kibaha mkoani Pwani huwatengeneza, hutoa fuwele zinazofanya kazi ndani ya utumbo wa kiluwiluwi cha mbu na cha wadudu wachache wa karibu naye tu. Tumbo la ng'ombe au la mtu haliziamshi. Fuata kipimo cha lebo na urudie, kwa kuwa jua na matope huimaliza nguvu ndani ya siku chache. Haisaidii mbu ambaye ameshaota mabawa.

Nikinywa antibiotiki, ninywe na mtindi?

Unaweza, ila achanisha saa mbili hivi, kwani dawa huua na bakteria wa mtindi. Tetrasaikilini na siprofloksasini hukamatwa na kalsiamu ya maziwa zisinyonywe, kwa hizo ni lazima kuachanisha. Muulize mfamasia jina la dawa uliyopewa.

Nina bidhaa yangu ya uyoga, naanzia wapi?

Ukiuza kama chakula, ni TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Ukiandika neno "hutibu" kwenye lebo, umeingia kwenye tiba asili na utahitaji Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, pamoja na uchunguzi wa sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Peleka sampuli ya kundi moja la uzalishaji, ikiwa imekauka, kwenye chombo safi kilichofungwa, na jina la uyoga, sehemu iliyotumika, tarehe ya kuvuna na namna ulivyokausha. Sampuli iliyochanganywa na tangawizi na mdalasini ili inukie vizuri hairahisishi uchunguzi. Peleka uyoga wenyewe kwanza, mchanganyiko baadaye.